Kirusi kwa saa chache, mgomba kwa miaka: jenomu husomwaje?

Mwaka 2019 watafiti wa magonjwa ya mihogo walichapisha taarifa ya kazi waliyoifanya katika mashamba matatu ya wakulima wadogo, moja Tanzania, moja Uganda, moja Kenya. Walifika shambani na vifaa vya kubeba mkononi vinavyotumia betri. Wakachuma majani, wakakata shina, wakachimba mihogo, wakanasa na wadudu. Hazikupita saa tatu tangu watie mguu shambani, wakawa wamesoma vinasaba vya kutosha kutambua virusi vya batobato vilivyokuwa vikiimaliza mihogo ile. Umeme wa waya na intaneti havikuwa vitu vya kutegemea huko.

Miaka saba kabla ya hapo, yaani 2012, jarida la Nature lilitoa jenomu ya kwanza ya mgomba. Hiyo ilikuwa kazi ya miaka, ya kundi kubwa la wanasayansi likiongozwa na taasisi za Ufaransa. Na mgomba wenyewe haukuwa wa matoke, wala bogoya, wala gonja. Ulitokana na Pahang, mgomba wa porini wa Malaysia ambao ndizi zake zimejaa mbegu ngumu. Mbarara nzima hakuna ambaye angeubandika jikoni.

Kazi zote mbili huitwa kusoma jenomu, na magazeti huzitangaza kwa maneno yaleyale. Uganda tunatajwa sana kwenye habari za aina hii kwa sababu majina yetu yamejaa kwenye orodha za vimelea: Zika ni msitu karibu na Entebbe, West Nile ni kona yetu ya kaskazini magharibi, Bundibugyo ni wilaya chini ya Rwenzori, na Ug99, kuvu iliyotikisa wakulima wa ngano duniani, imebeba herufi mbili za nchi hii. Wizara ya utalii haina haja na orodha hiyo, lakini ndiyo inayonifanya niseme hivi: mpaka sasa, jenomu zilizotufaa zaidi ni zile ndogo. Ile ambayo tungeitaka kuliko zote, ya matoke, ndiyo ngumu kuliko karibu zote, na ugumu wake una sababu zake.

Urefu, na vitu vinavyojirudia

Jenomu ni maelekezo yote ya kiumbe, yaliyoandikwa kwa kemikali nne ambazo kwa kifupi huitwa A, C, G na T. Virusi vingi hutumia RNA badala ya DNA, na humo U hushika nafasi ya T. Kuisoma ni kujua herufi hizo zinavyofuatana kutoka mwanzo wa kila kromosomu hadi mwisho wake.

Kirusi cha batobato ya mihogo kina viduara viwili vya DNA, kila kimoja na herufi 2,700 au 2,800 hivi. Ebola ina karibu 19,000. Bakteria wa mnyauko wa migomba ana karibu milioni 5. Kutoka hapo ni kuruka: jenomu ya Pahang ilikadiriwa kuwa na herufi milioni 523, ya mhogo karibu milioni 750, ya binadamu bilioni 3.1. Halafu kuna kamongo wa Ziwa Victoria, yule samaki ambaye watu wa ukoo wa Mmamba hawamli kwa kuwa ndiye muziro wao. Vipimo vya zamani vya uzito wa DNA katika seli zake vilimpa herufi bilioni 130 hivi, zaidi ya mara arobaini ya zetu. Ndugu yake wa Amerika ya Kusini alisomwa mwaka 2024 akakutwa na bilioni 91.

Kamongo hana akili ya kumshinda mvuvi, na herufi zote hizo hazimfanyi kuwa kiumbe tata kuliko sisi. Nyingi ni vipande ambavyo kwa mamilioni ya miaka vimekuwa vikijinakili na kujipachika mahali pengine, tena na tena, bila kazi inayojulikana. Mgomba nao, karibu nusu ya jenomu yake ni vipande vya aina hiyo. Hapo ndipo urefu unapogeuka kuwa tatizo la kweli, kwa sababu hakuna mashine inayosoma kromosomu ya mgomba kutoka ncha hadi ncha kwa mkupuo mmoja.

Mashine zilizotawala kwa miaka mingi husoma vipande vifupi vya herufi 150 hadi 300. Husoma mamia ya mamilioni ya vipande, kisha kompyuta inatafuta vinavyopishana ili kuviunga. Kipande kikiwa cha kipekee, kina mahali pamoja tu pa kukaa. Lakini kikitoka kwenye sehemu iliyojirudia mara elfu tatu, kompyuta haina njia ya kujua ni ipi kati ya hizo elfu tatu, na hapo inaacha pengo. Ndiyo maana jenomu ya binadamu iliyotangazwa kuwa imekamilika mwaka 2003 ilikuwa bado na mapengo ya takriban asilimia 8, na yakazibwa mwaka 2022. Kwa karibu miaka ishirini neno "kamili" lilibeba asilimia 92, na wasiokuwa wa fani hawakuambiwa kwa sauti kubwa.

Kilichoziba mapengo ni mashine za vipande virefu. Kifaa kilichotumika kwenye yale mashamba ya mihogo, MinION, kina uzito wa gramu 100 hivi na huchomekwa kwenye kompyuta ya mapajani. Ndani kuna utando wenye matundu ya protini, na umeme mdogo hupita kwenye matundu hayo. Uzi wa DNA unapovutwa kupitia tundu, herufi zilizomo ndani kwa wakati huo huubana umeme kwa kiwango chake, na programu hukisia herufi kutokana na kupanda na kushuka kwa mkondo. Uzi ukiwa na herufi elfu hamsini, unasomwa wote, elfu hamsini. Kipande kirefu hivyo huvuka sehemu iliyojirudia kikatokea upande wa pili, kwenye herufi za kipekee, na pengo linazibika.

Ila kwanza uupate huo uzi mrefu kutoka kwenye mgomba. Jani linalochukuliwa ni lile changa la katikati, lililojiviringisha na halijafunguka. Linasagwa katika nitrojeni ya kimiminika, baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, mpaka liwe unga. Kisha unga unatiwa kwenye mchanganyiko moto wa chumvi na sabuni maalumu unaopasua seli. Aliyewahi kumenya matoke bila kupaka mafuta mikononi anajua kinachofuata: utomvu. Utomvu huo, pamoja na wanga na kemikali zinazogeuka kahawia zikikutana na hewa, hung'ang'ania DNA na kuzuia enzimu za hatua zote za mbele. Fundi husafisha, husafisha tena. Tena hukata ncha ya pipeti ili tundu liwe pana, maana DNA ndefu ikivutwa kwa kasi kwenye tundu jembamba hukatikakatika, na ikikatika kazi imerudi kwenye vipande vifupi. Mwishoni, akimimina sampuli kwenye kifaa, povu moja la hewa likiingia linaua matundu na dola mia kadhaa zimekwenda. Kemikali zenyewe hukaa kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, zimeingia nchini kwa ndege kupitia Entebbe, na hazijui kwamba umeme hukatika wikendi.

Kwa kirusi, nusu ya mateso haya haipo. Kitu cha herufi 2,800 kinaweza kusomwa chote kwa kipande kimoja.

Nakala tatu

Mwenzako akikuuliza kwa nini Wafaransa walikwenda kuchagua mgomba usiolika, jibu ni kwamba ulikuwa umerahisishwa. Viumbe wengi tunaowajua wana seti mbili za kromosomu, moja ya baba na moja ya mama. Watafiti waliuchukua mmea uliotokana na seti moja tu ya Pahang, ikarudufishwa maabara, hivyo nakala zake mbili ni pacha kamili: kromosomu 11 za kusoma, basi. Hata hivyo ilibidi kungoja hadi 2021, na mashine za vipande virefu, ndipo kromosomu tano kati ya hizo 11 zikasomwa kutoka ncha hadi ncha bila pengo.

Matoke yana seti tatu. Kromosomu 33. Na seti hizo hazifanani kabisa wala hazitofautiani sana, jambo ambalo ni baya kuliko yote mawili.

Chukua daftari la madeni la duka moja la kijijini. Ndugu watatu wamelinakili, kila mmoja akaendelea na nakala yake kwa miaka, akifuta hapa na kuongeza pale. Kisha nakala zote tatu zikachanwa vipande na kutiwa kwenye gunia moja. Kuunga vipande ukapata daftari moja la wastani, inawezekana. Majina ya wadeni na kurasa nyingi zinalingana. Lakini kuyarudisha yawe matatu, ukaweza kusema deni la mzee fulani lilifutwa na ndugu yupi, ndiyo kazi inayokesha watu.

Daftari la wastani ndilo lililokuwa likitolewa kwa miaka mingi kwa mimea yenye seti nyingi. Hasara yake ni kwamba tofauti unayoitafuta, jeni la kustahimili ugonjwa lililopo kwenye nakala moja tu kati ya tatu, ndiyo hupotea wa kwanza, kwa kuwa linapigiwa kura mbili kwa moja. Kuna njia nyingine ya mkato: unasoma vipande vya matoke na kuvipanga juu ya jenomu ya Pahang, kama kiolezo. Inafanya kazi, lakini Pahang ni binamu tu. Mababu wakuu wa matoke ni spishi ndogo nyingine za mgomba wa porini, hasa banksii wa New Guinea na zebrina wa Java. Kilichomo kwenye matoke na hakimo kwenye Pahang hakina pa kupangwa, na programu hukiweka kando.

Kuna fumbo jingine hapo. Matoke hayana mbegu; tangu yafike eneo hili la Maziwa Makuu yamezidishwa kwa machipukizi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ukitumia vialama vya DNA, yaani sehemu chache za jenomu zinazotumika kama alama, ulionyesha kwamba matoke yote ya Afrika Mashariki yanakaribia kuwa kitu kimoja kijenetiki, ishara kwamba huenda yalitokana na mmea mmoja. Nenda sasa ukamwambie hivyo mkulima wa Masaka. Atakuonyesha Nakitembe, Musakala, Nakabululu na Nfuuka akiwa amesimama barabarani, na atakwambia Mbidde si wa kupika bali wa kukamulia pombe. Aina hizi ni zaidi ya themanini, zina ladha tofauti, mikungu tofauti, muda tofauti wa kukomaa. Tofauti hizo lazima ziko mahali: kwenye mabadiliko madogo ya herufi yaliyojilimbikiza kwa karne za kuchipuza, au kwenye alama za kikemikali zinazowasha na kuzima jeni bila kugusa herufi. Vialama vichache vilivyotawanyika havizioni. Kusoma nakala zote tatu kwa ukamilifu ndiyo njia ya kuzikamata, na kwa hilo mimi namwamini yule mkulima kama ushahidi wa kwanza kwamba kuna kitu cha kutafutwa.

Faida ya kutenganisha nakala si ya kinadharia. Mwaka 1998, katika kituo cha utafiti cha Kalengyere, kusini magharibi mwa Uganda, ngano iliyokuwa na kinga iliyotegemewa duniani kote ilipatikana na kutu ya shina. Kuvu hiyo ikapewa jina Ug99, ikasambaa Kenya, Ethiopia, Yemen, Iran, hadi Afrika Kusini. Ilikotoka hapakujulikana. Sasa kuvu hii katika kila seli ina viini viwili, kila kimoja na seti yake ya kromosomu, na jenomu za mwanzo zilivichanganya viini hivyo pamoja. Mwaka 2019 watafiti walivitenganisha. Kiini kimoja cha Ug99 kikakutwa karibu sawasawa na kiini cha kutu ya zamani ambayo ilionekana Australia mwaka 1954 na inaaminika ilitokea kusini mwa Afrika. Maana yake kuvu mbili tofauti ziligusana, zikabadilishana kiini kizima bila kupandana kwa njia ya kawaida, na kizazi kipya kikaanza na silaha zilizokamilika. Ukisoma wastani wa viini viwili, huoni chochote cha haya.

Vidogo vilivyolipa

Mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali ilianza Luwero na maeneo ya jirani, na katika miaka ya 1990 ikala mihogo ya Uganda wilaya baada ya wilaya. Watu wa Teso wanaoikumbuka njaa hiyo hawahitaji takwimu. Kulikuwa na virusi viwili vya batobato vilivyokuwa vikijulikana, kimoja kikiitwa cha Afrika na kingine cha Afrika Mashariki. Mwaka 1997 ikaonyeshwa kwamba cha Uganda ni mchanganyiko: sehemu kubwa ya kiduara chake kimoja ni ya kile cha Afrika Mashariki, lakini ndani ya jeni linalotengeneza gamba la kirusi kumepachikwa kipande cha kile kingine. Angalia jambo hili lilivyo: mtu aliyesoma kipande kidogo cha gamba tu angesema ni kirusi cha zamani, na mwenzake aliyesoma upande wa pili angesema ni kingine cha zamani. Wote wawili wangekuwa na herufi sahihi na jibu potofu.

Mnyauko wa migomba nao. Waganda huuita kiwotoka. Uligunduliwa Mukono mwaka 2001, na kabla ya hapo ulikuwa ukijulikana Ethiopia. Ndizi huiva kabla ya wakati, moja moja, na ukiikata ndani ni kahawia. Ukilikata shina, usaha wa njano unachuruzika. Wadudu huubeba kutoka ua dume hadi ua dume, na panga huubeba kutoka mgomba hadi mgomba. Mwaka 2012 kundi lililowahusisha watafiti wa Uganda lilisoma jenomu za bakteria hawa kutoka nchi mbalimbali za ukanda. Kwa macho na kwa vipimo vya kawaida walikuwa hawatofautiki. Jenomu zikawagawa makundi mawili: waliotoka Ethiopia, Rwanda na Kongo upande mmoja, na waliotoka Uganda, Kenya na Tanzania upande mwingine. Ikaonekana kwamba huenda ugonjwa uliingia zaidi ya mara moja, kwa njia zaidi ya moja, na kufunga mpaka mmoja kusingetosha. Zaidi ya hapo, kwa kulinganisha na ndugu zake wanaoshambulia miwa na mahindi, walipata jeni zilizo za bakteria huyu peke yake, ambazo kipimo cha maabara kinaweza kuzilenga bila kumchanganya na mwingine.

Lakini mfano ninaourudia kila nikibishana kuhusu hili ni Bundibugyo, Novemba 2007. Watu walikuwa wakifa kwa homa yenye kutoka damu. Sampuli zikapelekwa Marekani, na vipimo vya PCR vya Ebola aina ya Zaire na aina ya Sudan vikasema hapana. PCR hutafuta kipande kinachojulikana tayari; kama herufi za hapo zimebadilika, kipimo kinanyamaza na mgonjwa anaendelea kuwa mgonjwa. Vipimo vya zamani vinavyotafuta protini za kirusi, visivyo na uchaguzi mkali, vikasema ndiyo. Hapo wakaamua kusoma kila kilichomo kwenye damu bila kuchagua, na wakapata kirusi kinachotofautiana na Ebola zilizojulikana kwa takriban theluthi ya herufi zake. Ilikuwa spishi mpya.

Aina ikijulikana, mengine yanafuata. Mlipuko wa Mubende wa Septemba 2022 ulikuwa wa aina ya Sudan, uliothibitishwa kwa watu 142 na kuua 55 kati yao. Chanjo iliyokuwa imeidhinishwa, ile iliyotumika Afrika Magharibi na Kongo, ni ya aina ya Zaire, na haikuwa na msaada hapa. Aina hiyo ilijulikana mapema kwa sababu Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Entebbe ilikuwa na uwezo wa kupima na kusoma jenomu papo hapo nchini. Sampuli haikuhitaji tena kupanda ndege kwanza.

Herufi si maarifa, na kusoma si kubadilisha

Kuna watu wakisikia "jenomu ya matoke" wanaruka moja kwa moja hadi GMO, mimea iliyobadilishwa jeni maabara, na siwalaumu sana. Muswada wa bioteknolojia ulipitishwa na Bunge mwaka 2017, Rais Museveni akaurudisha. Ukapitishwa tena 2018, ukarudishwa tena. Kelele za miaka ile zilichanganya mambo mawili. Kusoma jenomu hakubadilishi herufi hata moja ya mmea. Kunaweza kuusaidia ufugaji wa mimea wa kawaida kabisa, ule wa kuchukua chavua na kuipaka kwa mkono.

Na ufugaji huo kwa matoke ni mrefu kuliko subira ya wafadhili wengi. Unapandisha matoke na Calcutta 4, mgomba wa porini wenye kinga dhidi ya ugonjwa wa sigatoka nyeusi. Mbegu zinazopatikana ni chache mno, na nyingi hazioti zenyewe mpaka kiinitete kiokolewe maabara. Miche yenye seti nne ndiyo inayochaguliwa, inapandishwa tena na migomba ya seti mbili, ili kurudi kwenye seti tatu zisizo na mbegu. NARO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo, na IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki, walipitia njia hiyo ndipo ikapatikana M9, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 2010 kwa jina Kabana 6H. Kila mche lazima ukue, utoe mkungu, upikwe, uonjwe. Hapo ndipo vialama vya DNA vinaokoa miaka: mche mdogo unaweza kukataliwa ukiwa bado kitaluni, iwapo inajulikana ni herufi zipi zinazoambatana na mkungu mwepesi au matoke magumu yakipikwa. Kuzijua kunataka mamia ya migomba iliyopimwa shambani kwa miaka, mkungu kwa mkungu. Mashine haipimi mkungu. Fedha za mashine hupatikana kwa urahisi kuliko mshahara wa yule anayepima, na hilo nadhani limekaa vibaya.

Kuna pahali kusoma na kubadilisha vilikutana, na ni hadithi ya ajabu kidogo. Gonja, tofauti na matoke, ina seti moja iliyotoka kwa mgomba mwingine wa porini, balbisiana. Ndani ya jenomu ya balbisiana kuna kirusi kizima cha michirizi ya migomba, kimejipachika humo tangu zamani na kinarithishwa kama jeni nyingine yoyote. Mmea ukipata shida, ukame au misukosuko ya maabara, kirusi huamka na kuuambukiza mmea kutoka ndani yake. Mfugaji wa mimea anaweza kuanza na mche safi kabisa akavuna ugonjwa. Mwaka 2019 watafiti wa IITA mjini Nairobi waliripoti kwamba wamekikata kirusi hicho ndani ya gonja aina ya Gonja Manjaya kwa teknolojia ya kuhariri jeni, na robo tatu ya mimea waliyoihariri haikuonyesha dalili iliponyimwa maji. Wasingejua pa kukata kama hawangekuwa na herufi.

Faili haina pasipoti

Jani la mgomba likitoka Uganda kwenda maabara ya ng'ambo linahitaji kibali cha utafiti kutoka Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, cheti cha afya ya mimea, na makubaliano ya maandishi kuhusu litakavyotumika. Kanuni za kulinda rasilimali za kijenetiki tunazo tangu 2005, na Uganda ni mwanachama wa Itifaki ya Nagoya inayodai mgawo wa faida. Likishasomwa, herufi zake milioni mia kadhaa zinatosha kwenye flashi ya bei ya chini, na kwa desturi huwekwa kwenye hifadhidata za wazi ambako kampuni ya mbegu ya bara lolote inazipakua bila kumwandikia mtu barua. Uwazi huo umetufaa pia. Bila jenomu zilizowekwa wazi na wengine, kirusi cha Bundibugyo kisingekuwa na cha kulinganishwa nacho.

Mwezi Novemba 2024, kwenye mkutano wa bioanuwai mjini Cali, Colombia, nchi zilikubaliana kuanzisha mfuko: kampuni kubwa za dawa, vipodozi, mbegu na nyinginezo zinazofaidika na herufi za namna hii zichangie asilimia 1 ya faida yao au asilimia 0.1 ya mapato, na angalau nusu ya fedha iwafikie wenyeji na jamii zilizotunza viumbe hao. Mfuko ulifunguliwa rasmi Februari 2025. Kuchangia ni kwa hiari.